Lili za kwenye vyungu: mwaka wa pili majani tupu, na ncha zinaungua

Kijani_MajiYaChai

Wadau wa maua, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaozijua lili. Naongelea lili zenyewe, za tunguu lenye magamba, shina moja limenyooka na maua juu. Siyo yungiyungi la bwawani, siyo kala, siyo agapanthasi.

Nipo Maji ya Chai, Arumeru. Kuna vyungu vitano vya plastiki, mdomo sm 25, kina sm 22, kila kimoja kina matunguu matatu. Vitatu ni zile nyeupe za tarumbeta, za Pasaka. Viwili ni pinki zenye madoa na harufu kali. Zilinunuliwa mwaka jana zikiwa tayari na matumba, zikachanua vizuri, mashina yakakatwa chini baada ya maua. Mwaka huu zimeota Septemba. Nyeupe zimefika sm 50, pinki zimekwama sm 20. Majani yamejaa, tumba hakuna hata moja.

Tatizo la pili ni ncha za majani. Zinakuwa kahawia kama zimepitishwa kwenye kiberiti, zaidi kwenye nyeupe.

Udongo ni mweusi wa bustani na samadi ya ng'ombe, nusu kwa nusu. Wakati wa kubadilisha udongo niliweka TSP (mbolea ya superfosfeti) kijiko cha chakula kila chungu, halafu NPK kila mwezi. Maji ni ya bomba letu la hapa. Jua linapiga asubuhi hadi saa 3, baada ya hapo kivuli cha mparachichi.

Nifanye nini zichanue? Na niziache kwenye vyungu au nizihamishie ardhini?

---

Gamba_kwa_Gamba

Vipimo umetoa vyote, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha. Una matatizo mawili ambayo hayahusiani. Mimi nachukua la maua, la ncha kuna watu humu wanaliweza kuliko mimi.

Lili nyingi za dukani zina asili ya nchi zenye majira ya baridi. Tunguu haliamui kutoa ua mpaka lipitie baridi, na siyo baridi ya kuvaa sweta, ni baridi ya friji, nyuzi 2 hadi 7 kwa wiki kadhaa mfululizo. Zile ulizonunua na matumba zilikuwa zimeshapozwa kwenye chumba cha baridi kabla hazijapandwa. Ulinunua ua ambalo maandalizi yake yalishafanywa na mtu mwingine. Mwaka wa pili hakuna aliyezipoza, na Julai ya Maji ya Chai hata ikikaza haifiki huko. Zinaota kwa sababu zina uhai, zinakosa tumba kwa sababu hazikupewa ishara.

Nyeupe ya tarumbeta ni mpole zaidi. Asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani, na baridi ya saa 1,000, yaani kama wiki 6, inaitosha. Hizo pinki ni kundi la Orienta, zinataka wiki 8 hadi 10. Kuna kundi la tatu, Asia, zile za chungwa, njano na nyekundu zisizo na harufu, wiki 6 hadi 8.

Sababu ya pili ni kukata mashina chini baada ya maua. Hapo ndipo ulipozinyima chakula. Lili ikishachanua inaanza kulijaza upya tunguu, na kiwanda ni majani. Ukitoa maua yaliyonyauka, kata shingo ya ua tu. Ukitaka maua ya kuweka mezani, chukua theluthi ya juu ya shina, theluthi mbili zenye majani zibaki mpaka zigeuke njano zenyewe. Tunguu lililonyimwa majani linasinyaa. Ukifukua, lipime kwa uzi kulizunguka kiunoni. Biashara ya matunguu inatumia kipimo hicho hicho: 14/16, 16/18, 18/20, ni mzunguko kwa sentimita. Orienta yenye mzunguko chini ya sm 12 usiitarajie ua hata ukiilaza ndani ya friji mwaka mzima. Hiyo unailea mpaka inenepe.

Kwa hiyo sasa hivi usifukue chochote. Acha majani yafanye kazi. Utaratibu wa friji ni huu, utaufuata majani yakishageuka njano na kulala, kwako itaangukia kama Februari au Machi:

Punguza maji wiki mbili za mwisho, usiyakatishe kabisa. Fukua kwa mikono, siyo kwa jembe, gamba likichubuka ni mlango wa uozo. Kata shina sm 3 juu ya tunguu. Mizizi minene ya chini USIIKATE. Hili watu wengi wanakosea kwa sababu wamezoea kitunguu maji. Tunguu la lili halina ganda kavu la nje na halilali usingizi kamili, ukilianika juani kama kitunguu maji siku mbili limekufa. Suuza udongo, toa magamba yaliyolainika, loweka nusu saa kwenye dawa ya ukungu kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha acha maji yachuruzike kivulini.

Vumbi la makumbi ya nazi ndilo godoro zuri. Liloweke, kisha likamue mkononi kwa nguvu. Likitoa tone moja au mawili liko sawa, likitiririka limezidi maji. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo haikuwa bora kwa kazi hii. Tumia kopo la aiskrimu la lita 2, mfuniko utobolewe matundu manane kwa msumari. Tabaka la vumbi, matunguu yasigusane, tabaka jingine juu. Andika jina na tarehe kwenye kopo. Weka droo ya mboga, siyo kwenye barafu. Kila baada ya wiki mbili fungua, nusa, toa lililooza. Likichipua ncha ya sm 2 hata kabla ya muda, lipande, usilisubirishe.

---

Mfereji_wa_Juu

La ncha nalichukua mimi. Ulipoandika Maji ya Chai, nusu ya jibu ulikuwa umeshajipa. Upande huo wa Mlima Meru maji yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Ni hiyo hiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo hapo jirani Ngurdoto, wala hakikuwekwa hapo kwa bahati mbaya. Lili ni kati ya mimea inayodhurika nayo haraka, na nyeupe ya tarumbeta ndiyo dhaifu kuliko zote. Floraidi inapanda na maji hadi mwisho wa jani, maji yanapotea hewani, yenyewe inabaki na kujilimbikiza pale ncha inapoishia. Ndiyo maana kunaungua ncha na siyo katikati.

Halafu ukaongeza TSP. Mbolea za superfosfeti zinatengenezwa kwa mwamba wa fosfeti na huja na floraidi yake. Kwa mahindi hakuna shida. Kwenye lili ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Fosfeti ya mwamba iliyosagwa nayo usitumie. Na perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi wanazochanganya vitaluni, ina floraidi pia. Iache.

Kabla hujakubali maneno yangu, shika jani lililoungua ulielekeze kwenye mwanga. Floraidi: kahawia inaanza nchani na kupinda kama mwezi mchanga, mpaka kati yake na kijani umekatwa wazi, na majani ya umri mmoja yanafanana. Kama ni chumvi ya mbolea, utaona kingo zote za jani zimekauka na juu ya udongo pana ukoko mweupe. Kama ni ukungu, madoa ni ya mviringo mrefu, yako popote kwenye jani, katikati yamepauka na pembeni pana wekundu. Kama ni mizizi kuoza, majani ya chini yanageuka njano yote kwa pamoja huku udongo umelowa. Kwa samadi uliyoweka, nusu nzima ya chungu, sitashangaa ukiwa na floraidi na chumvi kwa pamoja.

Tiba ni maji ya mvua. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Hesabu yake haitishi. Chungu cha sm 30 kinakunywa lita 1 hadi 1.5 kwa mara moja. Vyungu vitano, mara tatu kwa wiki, ni kama lita 20. Mwaka mzima ni lita 1,000 na ushee kidogo, na siku za mvua hunyweshi. Kila mm 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 20 za mraba na mvua ya mm 60, ukitoa inayopotea, tenki la lita 1,000 limejaa. Mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza.

Jaribu chungu kimoja kwa mvua pekee wiki sita. Usiangalie majani yaliyokwisha kuungua, hayo hayarudi. Angalia mapya.

Na weka chokaa ya kilimo. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha tindikali) 6.5 hadi 7, floraidi inashikwa na kalsiamu na mmea unaipata kidogo. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa lita 10 za udongo, changanya wiki mbili kabla ya kupanda.

---

Mboji_Kavu

Mfereji, hapo kwenye chokaa weka mpaka. Ni kwa zile nyeupe tu. Pinki za Orienta zinataka udongo wenye tindikali, pH 5.5 hadi 6.5. Ukizipa chokaa hiyo majani mapya yatakuwa njano na mishipa ya kijani, zimekosa chuma. Kwa Orienta ni maji ya mvua basi, hakuna njia ya mkato.

---

Mfereji_wa_Juu

Kweli, nimesimama kwenye nyeupe nikasahau pinki. Chokaa vyungu vitatu tu.

---

Mboji_Kavu

Sasa chungu chenyewe. Sm 22 za kina hazitoshi, na hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Lili ina mizizi ya aina mbili: ya chini ya tunguu, inayoshikilia, na ya kwenye shina juu ya tunguu, ndani ya udongo. Hii ya shina ndiyo inayolisha maua. Ukipanda tunguu juujuu mizizi ya shina haina pa kukaa, lili inabaki fupi, inaegemea, matumba yanakauka yakiwa madogo. Kanuni ni kina mara tatu ya urefu wa tunguu. Tunguu la sm 5 linafunikwa na sm 12 hadi 15 za udongo. Chini yake bado inatakiwa sm 10 za mizizi. Piga hesabu, chungu kiwe na kina sm 30 kwenda juu. Ndoo ya lita 20 ya rangi, iliyooshwa vizuri na kutobolewa matundu manane ya unene wa kidole kidogo, inashinda vyungu vingi vya mapambo. Matunguu matatu makubwa kwa ndoo, au matano ya Asia.

Isipokuwa moja: lili nyeupe ya Madona, ile ya kale ya Mediterania, hiyo inafunikwa sm 3 tu na inapenda chokaa. Huku ni adimu, lakini ukiuziwa ujue.

Kokoto chini ya chungu usiweke. Watu wanaamini zinapitisha maji, kumbe maji yanasimama juu ya kokoto kwenye udongo, palepale penye mizizi, na umepoteza sm 5 za kina. Kipande cha neti juu ya matundu kinatosha.

Mchanganyiko kwa ndoo: udongo wa msitu 2, mboji iliyoiva kabisa 1, mchanga mnene wa mto 1, makumbi ya nazi 1. Samadi mbichi hapana, hata robo. Pumba za mpunga zilizochomwa unaweza kuziweka kwa nyeupe badala ya makumbi, kwa Orienta zinapandisha pH. Ukishajaza, mwaga lita 2 juu. Maji yakikaa zaidi ya dakika moja yakitazamana nawe, ongeza mchanga.

Chomeka kijiti cha kuegemezea siku ile ile ya kupanda, sm 5 kutoka kwenye tunguu. Ukikumbuka baadaye shina likishainama, utalichoma tunguu.

---

Gamba_kwa_Gamba

Naongezea mbolea, maana TSP imeondoka na pengo limebaki. Kalsiamu naitreti gramu 1.5 kwa lita, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kwenye lita 3 hadi 4, kila baada ya wiki mbili tangu shina lifike sm 10. Tumba likionekana, badilisha na mbolea yenye potasiamu nyingi hadi wiki nne baada ya maua. Urea achana nayo. Inatoa majani laini, marefu, chakula cha ukungu na vidukari.

Na jua. Kuishia saa 3 asubuhi ni kidogo mno. Zinataka jua la asubuhi kwa muda wa saa tano au sita, kivuli kuanzia saa 7 mchana. Zile pinki zilizokwama sm 20 zinalia na kivuli pia.

---

Soweto_Moshi

Nadandia uzi. Mimi niko Moshi mjini, joto letu mnalijua. Hili la friji kila mwaka linalipa kweli? Na kuna anayeweza kunieleza kwa nini amarilisi zinachanua bila friji wakati zote tunaziita lili?

---

Gamba_kwa_Gamba

Kuitwa lili siyo undugu. Amarilisi asili yake ni Amerika Kusini, inachohitaji ni mapumziko makavu ya wiki 8 hadi 10, baridi siyo sharti. Shingo yake na theluthi ya juu ya tunguu vikae nje ya udongo. Ukiizika kama lili, inaoza.

Kwa Moshi mjini, chini ya mita 1,000, ningesema wazi: Orienta usihangaike nazo, labda uwe tayari kununua matunguu yaliyopozwa kila mwaka na kuyachukulia kama maua ya msimu mmoja. Walio juu, Marangu, Machame, Kibosho, usiku wao unasaidia walau mmea usichemke ukiwa na matumba. Joto likizidi, matumba madogo yanageuka meupe na kudondoka.

Zipo mbili za ukoo wa lili zenyewe zinazokubali ukanda huo wa chini. Hiyo nyeupe ya Pasaka kwa friji ya wiki 6. Na ndugu yake wa Taiwani, tarumbeta ndefu nyeupe yenye mstari wa zambarau kwa nje, majani membamba. Hii panda kwa mbegu. Mbegu ni bapa kama karatasi, zifunike mm 3 tu, zinaota wiki ya tatu au ya nne, na nyingine zinachanua kabla ya mwaka kwisha bila kuijua friji. Ila vikate vibumba vya mbegu kabla havijapasuka. Huko Afrika Kusini lili hii imeingia kwenye orodha ya mimea vamizi kwa sababu mbegu zake zinapeperuka, na miteremko yetu ya Kilimanjaro haina haja ya mgeni wa namna hiyo.

---

Mboji_Kavu

Na za kwetu wenyewe mbona mnaziruka? Ile ya mpira mwekundu inayotoka peke yake mvua zikianza, kabla majani hayajakamilika, ni ya hapa hapa, haitaki friji wala floraidi haijawahi kuinyima usingizi. Gloriosa, ile inayopanda kwa vikono vya ncha za majani, maua mekundu na njano yaliyopinda kama moto, nayo ni ya kwetu. Kiazi chake kina umbo la V, kilaze ubavu kina cha sm 6, mpe waya wa kupandia. Kiazi hicho kina sumu kali, mtu asikichanganye na kiazi cha kula, na glavu ni muhimu unapokigawa.

---

Kijani_MajiYaChai

Asanteni sana. Nimechungulia jani kwenye mwanga, ni mwezi mchanga kabisa, na ukoko mweupe upo pia. Maswali mawili: friji ina ndizi na maparachichi muda wote, inafaa? Na masika ikinikuta nimezihamishia ardhini itakuwaje?

---

Gamba_kwa_Gamba

Ndizi na maparachichi yanayoiva yanatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaua kitumba kilichomo ndani ya tunguu kabla hata hakijaonekana. Utasubiri miezi minne upate shina lisilo na ua, ulaumu baridi. Mchicha na karoti havina neno. Matunda yatafutie mahali pengine hizo wiki, au tafuta friji ya jirani asiyekula parachichi, kama Meru yupo.

---

Mfereji_wa_Juu

Kuhusu chumvi: mimina maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke chini. Chungu cha lita 8, lita 24. Mara moja tu, halafu NPK pumzisha mwezi.

Ardhini wakati wa masika adui ni wawili. Wa kwanza ni maji yaliyosimama. Inua tuta sm 25 hadi 30, na chini ya kila tunguu weka konzi mbili za mchanga. Laza tunguu ubavu kidogo ili maji yasikae kati ya magamba. Nafasi sm 25. Wa pili ni ukungu wa kijivu. Unahitaji jani libaki limelowa usiku kucha, na Aprili jani linalowa wiki nzima. Doa linaanza dogo kama tundu la sindano, siku mbili baadaye ni la mviringo, kisha jani zima linaning'inia limekauka kuanzia chini kupanda juu. Nyunyiza dawa ya kopa au mankozebu KABLA ya mvua, upande wa chini wa jani pia, kila siku 7 hadi 10. Ukishaona madoa umeshachelewa, unaokoa majani mapya tu. Majani yaliyoanguka okota, choma. Kumwagilia ni asubuhi, kwenye udongo, siyo juu ya majani.

Na fuko. Mtu wa Arumeru nisimfundishe fuko. Tandika wavu wa kuku wa matundu madogo chini ya tuta na pembeni kote, sm 40, la sivyo umempandia yeye.

Kwa maji yenu, ningebaki na ndoo, chini ya ukingo wa baraza mvua isikopiga moja kwa moja. Ardhini utamwagilia bomba tu, tenki halitatosha.

---

Mboji_Kavu

Kabla hujazipoza zote, angalia majani yasiwe na batobato, yaani michirizi ya kijani kilichopauka na kilichokolea, jani limejikunja. Hicho ni kirusi, kinaletwa na vidukari, hakina dawa. Ng'oa na tunguu lake, choma. Vidukari wenyewe ni rahisi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko cha chai kwa lita 1 ya maji, jioni, siku tatu mfululizo. Lili ya chui, ile ya chungwa yenye madoa na vijitunguu vyeusi kwenye makwapa ya majani, inaweza kubeba kirusi bila kuonyesha dalili, kwa hiyo usiipange jirani na nyingine. Mbegu kwa kawaida hazikirithi, ndiyo faida nyingine ya ile ya Taiwani.

---

Kwaya_ya_Asubuhi

Shikamooni wataalamu. Tunapamba kanisa, tunataka nyeupe zichanue Pasaka yenyewe. Inawezekana kupanga tarehe?

---

Gamba_kwa_Gamba

Marahaba. Inawezekana, kwa kuhesabu kurudi nyuma. Kutoka kupanda hadi ua kufunguka ni kama siku 110 hadi 120. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, siku 120 nyuma ni Novemba 28, na wiki 6 za friji zinaanza Oktoba 17. Panda kwa awamu mbili, nusu Novemba 28 na nusu wiki moja baadaye, usiweke kura zote kwa siku moja.

Mkiwa na umeme wa uhakika, kuna mbinu ya ziada. Nyeupe ya Pasaka inahesabu usiku mfupi kama baridi, wiki kwa wiki. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo haipati ishara hiyo yenyewe. Washa taa ya rangi ya njano, mita 1 juu ya mimea, saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, kuanzia inapochomoza, kwa wiki mbili hadi tatu. Inafidia baridi iliyopungua na mimea inakwenda pamoja.

Tumba likionekana kwa macho, urefu wa punje ya mchele, hesabu siku 30 hadi 35 mpaka lifunguke. Hapo ndipo mnarekebisha. Zimechelewa, zisogezeni kwenye joto. Zimewahi, zipelekeni mahali pa baridi na kivuli. Kata tumba la kwanza likishapauka na kuvimba kabla ya kufunguka, safirisha hivyo. Likifunguka tu, ng'oa vichwa vya chavua kwa vidole kabla havijapasuka na kuwa unga. Unga huo ukiingia kwenye kanzu ya padri msiusugue kwa maji. Acha ukauke, gusa kwa utepe wa gundi, utanasa.

---

Soweto_Moshi

Nyumbani kuna paka wawili. Nimesikia lili hazielewani nao.

---

Mboji_Kavu

Umesikia sawa. Lili za tunguu lenye magamba, na lili za siku moja pia, zinaharibu figo za paka. Jani, ua, chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake, hata maji ya kwenye chombo. Paka akitapika na kuacha kula baada ya kugusa lili, ni daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, kesho ni mbali. Kwako ningepanda amarilisi kwenye tuta la nje lenye uzio. Nayo ina sumu akila tunguu, ila siyo ya figo namna ile.

---

Kijani_MajiYaChai

La mwisho. Pinki nikizikuta zimesinyaa chini ya hizo sm 12, natupa?

---

Gamba_kwa_Gamba

Usitupe, zaidisha. Bandua magamba ya nje kwa kuyavuta chini, yatoke na kipande cha kitako, kwa sababu vijitunguu vinaota pale palipobanduka. Kila tunguu toa magamba sita hadi nane, moyo wake urudishe kwenye udongo. Loweka kwenye dawa ya ukungu nusu saa, changanya na makumbi yenye unyevu, kopo la mfuniko wenye matundu, weka kabatini penye joto la nyuzi 20 hadi 25, giza. Wiki ya sita hadi ya nane kila gamba litakuwa na vijitunguu viwili au vitatu kama punje ya mahindi, vyenye mizizi. Hapo kopo zima linahamia friji wiki 8, kisha pandeni kwenye trei kina cha sm 3. Ua ni mwaka wa pili au wa tatu.

Mkitaka kuagiza matunguu mapya kutoka nje, kibali cha kuingiza mimea kinatoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Kibali kitangulie mzigo, kisifuate nyuma yake.